Aliyenipa Tarumbeta Nimshikie

Usiponiamini sikulaumu. Hata mimi, kama ningehadithiwa haya na mtu mwingine, ningemuuliza kwanza alikuwa amekunywa nini. Lakini mimi ni Mlutheri wa Mtae, pombe yetu ya dengelua niliiacha zamani, na siku hiyo hata chai nilikuwa sijanywa. Wala haikuwa usiku, saa za watu kuona mambo. Ilikuwa alasiri, na haya yalinitokea mimi mwenyewe.

Mimi napiga tarumbeta kwenye bendi ya usharika wetu. Tunapiga harusini, tunapiga ibadani, ila kazi yetu kubwa ni mazishi. Na kazi hii ina sharti moja ambalo hakuna anayekufundisha, unaligundua mwenyewe: mpiga tarumbeta halii. Ukilia, midomo inalegea, pumzi inakatika, na wimbo unakufia mbele za watu. Basi wenzako wanaomboleza, wewe umekaza macho kama askari wa gwaride. Nilikuwa hodari wa hilo, tena mno. Mama yangu mzazi alipofariki, niliongoza bendi mimi mwenyewe kutoka nyumbani hadi kaburini, na hakuna noti iliyotetereka. Watu walinisifu hadi nikavimba kichwa. "Mgosi huyu ana moyo!" walisema, na mgosi kwetu ndiye mwanamume. Nami nikafurahi, mjinga mimi.

Haukupita muda kifua kikaanza kubana. Mwanzoni kilibana nikipiga tarumbeta tu, kisha nikipanda shambani, kisha hata nikiwa nimekaa zangu jikoni naota moto. Navuta hewa, haiingii. Shingo inakaza, vidole vinakufa ganzi, naona kabisa kwamba leo ndiyo leo. Na Mtae yetu unaijua? Huku hakuna tambarare. Ukitaka maji, mlima. Ukitaka viazi, mlima. Hata kwa jirani, mlima. Mwanamume asiyeweza kupanda huku amekwisha. Shamba likabaki mikononi mwa mke wangu peke yake, na tarumbeta nikaitundika ukutani, nikiamini sitaishika tena.

Nilipimwa damu, moyo, nikapigwa picha ya kifua. Kila nilikokwenda jibu lilikuwa hilo hilo: "Mzee, huna kitu." Wewe umewahi kuambiwa huna kitu wakati unakata roho? Ni tusi, niamini. Unarudi nyumbani na ugonjwa wako, juu yake umeongezewa jina la mwongo. Mjomba wangu akasema nimetupiwa jini, tukaenda kwa mganga. Kuku wetu wakaliwa, jini akabaki.

Ndipo nilipompata Daktari Zuhura, katika hospitali moja pale Lushoto. Binti wa Tanga mjini, umri wa mwanangu wa kwanza. Nilipoingia alisimama. "Shikamoo baba," akasema, akavuta kiti akaketi kama mtu asiye na haraka. Mimi nilikuwa nimezoea madaktari wanaosalimia faili! Alirudia vipimo vyote, hakutaka kubahatisha. Kisha akaniambia, "Baba, mapafu ni mazima, moyo mzima. Lakini sikuambii huna kitu. Unaumwa kweli."

Nusura nimkumbatie. Akanieleza kwamba kichwa na kifua ni watu wa nyumba moja, na mwili ukishajifunza kujikaza unaweza kusahau kujilegeza, kama mtu aliyekunja ngumi siku nzima. Akanifundisha kupumua kwa tumbo, mkono juu ya kitovu, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Akaniuliza habari za siku ambayo mambo yalianza. Nikamsimulia mazishi ya mama, jinsi nilivyopiga vizuri. Aliniuliza swali moja tu: "Na wewe ulilia lini?"

Tulipoagana akaniambia, "Kikianza kubana, usikikimbie. Kaa chini, kikaribishe kama mgeni, kiulize kimetoka wapi." Moyoni nikasema, wasomi nao wana mambo.

Sasa sikiliza. Siku hiyo hiyo basi letu lilikwama kwenye utelezi kabla hatujafika Mtae. Abiria wenzangu wakashika njia kwa miguu, wakaniacha nyuma nikijikongoja. Ukungu ukashuka, ule wetu, unaoficha hata viatu ulivyovaa. Na kifua kikaanza. Nilitaka kukimbia, lakini ningekimbilia wapi? Nikakumbuka maneno ya yule binti. Nikakaa juu ya jiwe kando ya barabara, mkono tumboni, nikasema kimoyomoyo: haya, karibu.

Mtu akaja.

Alitoka kwenye ukungu akiwa amevaa koti la bendi, la kizamani, vifungo vya shaba. "Onga mshi," akanisalimu, nikaitikia. Nilimtazama miguuni, unajua mwenyewe natafuta nini. Kwato? Sikuona kitu, alikuwa amevaa gambuti! Akanyoosha mkono, akanipa tarumbeta.

"Mgosi, nishikie hii," akasema, "nilie kidogo."

Kabla sijajibu ilikuwa mikononi mwangu, ya baridi, imelowa. Naye akachuchumaa pale pale barabarani, akajishika kichwa, akalia. Si kile kilio chetu wanaume cha kujikohoza kidogo na kugeuka pembeni. Alilia kwa sauti, akiita, kama walivyolia dada zangu siku ile. Kidole changu kikagusa mdomo wa tarumbeta kikakuta pamebonyea. Nywele zikanisimama. Pale nilipajua. Ni pa tarumbeta yangu, iliyoniponyoka kwenye ngazi za kanisa, na muda huo ilikuwa nyumbani ukutani!

Ungekimbia? Na mimi ningekimbia, kama ningekuwa na pumzi. Nikajikaza nikauliza kama tunavyoulizana: "Pole sana. Msiba wa nani?"

Aliinua uso. Usiniulize alifananaje, kila nikijaribu kumkumbuka ananiponyoka.

"Wa kwenu," akasema. "Hamjaanua tanga. Bado mmoja hajalia."

Jamani, nililia. Nililia nikimwita mama yangu kwa jina alilonifundisha kumwita nikiwa mtoto, hadi nikalala kifudifudi juu ya lile jiwe. Nilipoinua kichwa mikono ilikuwa mitupu, barabara tupu, na mimi nilikuwa napumua. Hewa ilikuwa inaingia hadi chini kabisa.

Nyumbani nikamuuliza mke wangu kama kuna aliyegusa tarumbeta. "Nani aiguse?" akasema. "Asubuhi nimeifuta vumbi, iko pale pale." Nikaiteremsha ukutani, hatua mbili kutoka motoni, mahali ambapo hata kuni mbichi hukauka. Maji yakachuruzika sakafuni. Mke wangu si mwoga, lakini usiku ule taa haikuzimwa.

Niliporudi kwa Daktari Zuhura nilimweleza yote, huku naogopa ataniandikia hospitali ya vichaa. Hakucheka. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sijui ulikutana na nani, baba. Mimi sikusomea ukungu. Lakini kazi aliyokufanyia naijua." Halafu akarudi kwenye kazi yake mwenyewe, maana usidhani nilipona siku moja. Nilikwenda kwake mara nyingi. Alinirudisha mlimani kidogo kidogo, akanirudisha kaburini kwa mama, akanirudisha kwenye tarumbeta. Binti yule namheshimu kuliko ninavyoweza kusema. Mpaka leo kifua hubana mara moja moja. Nakikaribisha, kinakaa kidogo, kinaaga.

Bendi yetu sasa ina utaratibu mpya: aliyefiwa hapigi. Mwenzake anamshikia chombo, naye anakwenda kulia na ndugu zake. Wazee waliguna mwanzoni, sasa ndio wanaousimamia.

Nawe unayenisikiliza, kama mwili unakusumbua, kapimwe vizuri kwanza. Ukiambiwa huna kitu, tafuta atakayevuta kiti akakuuliza ilianzaje. Na siku ukipita njia ya Mtae ukungu ukashuka, akatokea mtu akakupa tarumbeta umshikie, mshikie. Ila kabla hujamuuliza msiba ni wa nani, jiandae, maana atakujibu.