Kiungulia cha Fundi Makochi

Mtaani walimwita Cheche, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa fundi makochi. Kutwa nzima alitengeneza viti vya watu kukalia, lakini yeye mwenyewe kukaa hakukujua. Alikula wima, alikunywa chai wima, simu ikilia aliipokea huku akiizunguka karakana kama kuku anayetafuta pa kutagia. Chakula cha mchana alikibugia mkono mmoja ukiwa umeshika mashine ya kupigia pini kitambaa, kisha akarudi kwenye sponji na gundi kabla tonge la mwisho halijashuka. Si ajabu kiungulia kilikuwa kimehamia kifuani mwake, kikakaa kama mpangaji asiyelipa kodi. Mfukoni hakukosa vidonge vyeupe vya kutafuna, vile vinavyouzwa dukani kando ya biskuti.

Dawa za kufubaza virusi vya ukimwi alikuwa amezianza kabla hajaoa. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, aliambiwa yote mapema, posa haijapelekwa. Alilia, akaenda mwenyewe kliniki kuuliza, akarudi na macho makavu.

"Haya, nimeelewa," alisema. "Lakini ukija kunificha kitu, naondoka na masufuria yote."

Wakaoana, wakapata binti, mama mzima na mtoto mzima, kwa sababu Cheche alimeza kidonge chake kila asubuhi na vipimo vikawa vinasema virusi havionekani kwenye damu. Mwaka huu walikuwa wanatafuta mtoto wa pili.

Basi siku moja akaenda kuchukua dawa kama kawaida, na muuguzi aliyemzoea akamwambia afunge mlango. Cheche akaufunga, akabaki ameshika kitasa.

"Majibu ya damu yako yamerudi," muuguzi alisema. "Virusi vimepanda."

"Vya nani?"

"Vyako, Cheche. Unaruka dawa?"

"Haki ya Mungu, siruki."

"Kuna dawa nyingine unatumia? Za kienyeji? Za kifua kikuu? Za kifafa?"

"Hakuna. Naumwa nini mimi?"

Muuguzi aliyaandika majibu hayo kwenye faili. Akamwambia asiache dawa, yeye na mkewe watumie kinga, habari ya mtoto isubiri kidogo, mkewe apimwe, kisha waje wote wawili wazungumze.

Cheche hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita sokoni asikohitaji kitu, akauliza bei ya vitu asivyovitaka, akafika kwake jua limepoa. Mkewe alikuwa kwenye cherehani. Alimwambia hapo hapo mlangoni, maneno yakimtoka kwa mkupuo. Mguu wa mkewe ukasimama juu ya pedali.

"Umeacha dawa?"

"Sijaacha! Si unaniona kila asubuhi?"

"Nakuona ukinywa maji. Kidonge sijawahi kukiona." Alikata uzi kwa meno. "Au kuna mwanamke huko nje?"

"Mama Watoto!"

"Usiniite hivyo sasa hivi."

Kesho yake mkewe alikwenda kupima, akakutwa salama. Cheche alishukuru Mungu kwa sauti, lakini mkewe alijibu "amina" kama mtu anayerudisha chenji, na usiku akahamia chumba cha binti.

Hapo ndipo Cheche alipokosa raha kabisa. Karakanani alianza kochi hili akaliacha, akashika lile, akarudi kwa la kwanza. Alipiga pini kitambaa cha maua juu chini, mpaka mteja akauliza, "Fundi, haya maua yamefiwa? Mbona yameinamisha vichwa?" Watu wakacheka, naye akacheka nao, huku tumbo linamuwaka. Hofu na kiungulia vilikuwa ndugu mapacha. Kimoja kikiamka, kinamwamsha mwenzake. Akazidi kutafuna vile vyeupe, asubuhi, mchana na jioni. Na kichwani swali lilizunguka kama nzi chumbani: kama nameza, dawa inakwenda wapi? Labda dawa zenyewe ni bandia. Labda mwili umezichoka. Labda, aliwaza asubuhi moja, kimoja hakitoshi. Akameza viwili.

Dada yake mkubwa, aliyeuza nyuzi na vifungo duka la jirani, ndiye ndugu pekee aliyejua hali yake. Cheche alimnong'oneza habari ya vidonge viwili akitegemea kusifiwa.

"Una wazimu?" dada alisema, huku akimsukuma nyuma ya rafu mteja asisikie. "Dawa ni chumvi hiyo, useme mboga imepooza uongeze? Umemwambia muuguzi?"

"Naona aibu, dada."

"Mficha uchi hazai. Na wewe ndiye unayetaka mtoto."

Basi siku ya miadi ilipofika walikwenda, mke na mume, wakitembea njia moja kama watu wasiojuana. Cheche hakungoja kuulizwa. Alikiri vile vidonge viwili kabla hata mkewe hajaweka mkoba chini.

"Usirudie," muuguzi alisema. "Ni kimoja kwa siku, basi. Ukisahau, meza ukikumbuka. Lakini usirundike, na usijipangie." Kisha akamgeukia mke. "Mama, nisimulie asubuhi yenu. Yote, tangu anapoamka."

Mke alishusha pumzi. "Anaamka kama nyumba inaungua. Anapiga mswaki. Anameza dawa, anatafuna vyeupe vyake, anatoka mbio."

Kalamu ya muuguzi ikasimama. "Vyeupe gani?"

"Si vile vya kiungulia? Anavitafuna kama karanga."

"Cheche. Nilikuuliza kama unatumia dawa nyingine."

"Dawa?" Cheche alishangaa kwa moyo wake wote. Akatoa pakiti mfukoni. "Hizi si dawa, ni peremende za tumbo!"

Muuguzi aliisoma pakiti, akatikisa kichwa. Akaeleza polepole. Ndani ya vile vyeupe mna madini, na yakikutana tumboni na dawa yake, yanaikamata isiingie vizuri kwenye damu. Anameza, ndiyo, lakini kinachofika ni kidogo. Vyeupe si haramu, ila visifuatane na dawa: ameze dawa yake angalau masaa mawili kabla ya kuvitafuna, au masaa sita baada ya kuvitafuna. Na vidonge vya kuongeza damu au vya mifupa navyo asinunue bila kuuliza.

"Umeanza lini kuvitafuna na dawa?"

"Tangu nipate oda ya viti vya hoteli. Kazi ilikuwa nyingi, chakula cha haraka haraka..."

"Kosa ni langu pia," muuguzi alisema. "Nilitaja kifafa, sikutaja kiungulia." Akamwandikia amwone daktari wa tumbo, na tarehe ya kurudia kipimo.

Nje ya lango mkewe alisimama.

"Nilikutolea maneno mabaya."

"Uliyatoa vizuri sana. Hata mimi nilianza kuamini nina mwanamke."

Mkewe alicheka, kisha uso ukabadilika. "Bado naogopa lakini. Usiniharakishe."

Hakumharakisha. Ile miezi ya kungoja ilimla taratibu. Alimeza dawa alfajiri, akanywa uji kabla ya kwenda kazini kama daktari alivyomshauri, na kiungulia kikapungua, ila wasiwasi hauna kidonge. Simu ya namba ngeni ikilia, mashine ya pini ilimponyoka. Mara mbili aliota ameitwa kliniki, akaamka anatafuta viatu.

Kipimo kiliporudi, virusi vilikuwa havionekani. Muuguzi alitaka kipimo kingine kithibitishe kabla hawajaacha kinga, nao wakakubali bila ubishi. Jioni hiyo mke alibeba shuka lake kurudi chumba cha zamani. Binti, aliyekwisha kuzoea kulala na mama, alilishika upande wa pili.

"Baba ana kitanda kikubwa, alale peke yake!"

Wakavutana shuka ukumbini, mama na mwana, wakicheka. Cheche aliwatazama, mkono wake ukipapasa mfuko ambao vyeupe havimo tena, moyo wake umekwisha kutangulia kwenye tarehe ya kipimo kinachofuata.