Mbili Kipeo cha Tano

Kalkuleta yangu ni ile ya sokoni, yenye vitufe vikubwa ambavyo hata ukiwa na vumbi la maharage mikononi huvikosei. Nauza maharage karibu na mpaka hapa Tunduma, na wateja wangu wengi ni Wazambia. Wananiita bamayo, yaani mama. Naandika bei, namgeuzia mteja kioo. Yeye anafuta, anaandika yake, ananigeuzia. Tunaelewana bila kelele.

Kwa hiyo nilipoanza masomo ya jioni, arobaini nimeshaivuka, hesabu hazikunitisha. Kiingereza nilikuwa nasuasua, lakini kwenye hesabu wenzangu walikuwa wanakuja kwenye dawati langu. Nilipenda. Mungu anajua nilivyopenda. Nyumbani mimi ni wa kupika, kanisani ni wa kufagia, ila pale nilikuwa mtu wa kuulizwa.

Halafu akaja yeye. Tunaimba naye kwaya moja, sauti ya kwanza wote wawili. Ni mdogo kwangu, na mume wake ana kazi nzuri pale mpakani. Akakaa dawati la mbele, akatoa kalkuleta ya kisayansi, mpya, ina mfuniko wa kuteleza. Tulipofika kwenye vipeo, mwalimu akaandika namba kubwa na nyingine ndogo juu yake begani, sisi tukaanza kuzidisha kwa kalamu. Yeye akabonyeza kitufe cha kipeo, jibu hilo. Haikupita wiki, wenzangu wote wamehamia kwenye dawati lake.

Jumapili tumesimama bega kwa bega tunaimba, mimi naomba rehema, na hapohapo naomba betri yake iishe.

Kisha mwalimu akasema anataka mmoja wetu awe anawafundisha hesabu Jumamosi wale waliochelewa kujiunga. Kesho yake angetupa swali la vipeo, aone nani anaweza kueleza. Nafasi ile niliitaka kuliko kitu chochote mwaka ule. Nikakaa na kalkuleta yangu nikiichezea, mpaka nikagundua kwamba ukiandika mbili, ukabonyeza zidisha, halafu ukawa unabonyeza kitufe cha sawasawa tu, namba inajizidisha yenyewe. Nikamshukuru Mungu. Kumbe na yangu inaweza.

Kesho yake mwalimu akaandika ubaoni mbili kipeo cha tano. "Mama, anza wewe."

Nikabonyeza huku nahesabu kwa midomo, moja, mbili, mpaka tano, kama tunavyofanya magunia yakishuka kwenye lori. Sokoni unaanza na sifuri, unajumlisha kilo za gunia, na kila gunia linalotua chini ni bonyezo moja la sawasawa. Magunia matano, mabonyezo matano.

"Sitini na nne," nikasema.

Yule mwenzangu akageuka. "Dada, punguza bonyezo moja. Ile mbili uliyoanza nayo imeshahesabika."

"Mimi nimehesabu magunia wewe hujaolewa."

Darasa zima likacheka, na yeye akacheka. "Sawa, dada. Lakini leo hatushushi mzigo."

"Mama, unabaki na sitini na nne?" mwalimu akauliza.

"Nabaki nayo."

Akaandika mbili, mbili, mbili, mbili, mbili, akazidisha taratibu: nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili. Mbili zikaisha. Jumamosi akapewa yule mwenzangu.

Niliporudi nyumbani ndipo nikakumbuka kilichoniuma zaidi. Kalkuleta yake ilikuwa imefunikwa muda wote ule. Hakuigusa. Alijua kwa kichwa. Kumbe miezi yote nilikuwa nakionea wivu kitufe, na kitufe kingenunulika. Usiku ule nilipopiga magoti sikujua niombe nini, maana kichwa cha mtu huwezi kukiombea betri iishe.

Jumamosi mume wangu akasema, "Si upumzike tu, wewe hayo unayajua." Nikavaa kitenge changu, nikaenda. Vipeo vilikuwa vimenishinda mbele ya watu, na nilitaka cheti cha masomo yale kuliko nilivyotaka kumkwepa mtu.

Wale waliochelewa kujiunga karibu wote walikuja na kalkuleta za sokoni. Mwenzangu akazishika moja moja, akazirudisha, akaniangalia. "Dada, hizi mimi sizijui vizuri. Njoo uwaonyeshe."

Nikasimama mbele. Nikawaambia namba ya kwanza inajihesabu yenyewe, kwa hiyo kipeo kikiwa tano mnabonyeza mara nne. Wakajaribu, wakapata. Niliona raha, siwezi kukataa.

Mzee mmoja wa nyuma, mfugaji kutoka Momba, akanyoosha mkono. "Mwalimu, naomba urudie." Alikuwa anamwangalia yule mwenzangu.

Yeye akanigeukia. Nikarudia mimi.