Mnyama wa Kale Chupani Mwangu

Nichekeni tu, nimestahili. Mie mwalimu wa Kasulu, bahari sijawahi kuiona, nilimtangazia mkaguzi kwamba nina mnyama wa baharini ndani ya chupa, kaletwa na muuza duka kutoka Tanga: laini, mwangavu, mwenye safu nane za nywele kama vitana. Asubuhi ya ukaguzi nakuta ameyeyukia kwenye spiriti niliyomhifadhia, hakubaki hata uzi! Nikapika wanga wa muhogo mbiombio, nikatumbukiza bonge.

“Ukoo wake ulitangulia samaki wote duniani,” nikamwambia mkaguzi mbele ya darasa, jasho likinitiririka.

“Ndugu Mwalimu, haonekani vizuri. Tumtie rangi.” Akachukua iodini mezani, akadondosha matone. Bonge likawa bluu nyeusi.

Darasa zima, nililolifundisha jaribio hilo mwenyewe, likaitika kwa furaha: “Wanga, Mwalimu!”