Nilimsingizia Mama Feza Moshi Wangu

Mimi ni Mama Sifa wa Kilibula, yule anayelea watoto wa wenzake. Akina mama wa kanisani wameniomba nisimulie jinsi nilivyougua na nilivyopona, ili aliyelala kitandani leo asikate tamaa. Nitasimulia yote, hata yale ambayo hawakuyaomba, maana nikianzia kwenye kikohozi nitakuwa nimewaficha nusu ya ugonjwa.

Kabla ya hapo nilikuwa mwanamke mwenye nguvu zangu. Kila asubuhi akina mama sita waliniachia watoto wakaenda zao, huyu sokoni, yule shambani, mwingine shuleni kufundisha. Nilipika uji, nilifua nepi, nilimbeba mmoja mgongoni huku mwingine akining'inia kwenye sketi. Watoto walinipenda. Na mimi, mlezi wao, nilikuwa navuta sigara.

Nilianza utotoni kule Kiringye. Bibi yangu alivuta kiko, na kazi ya kukiwasha jikoni ilikuwa yangu. Kiko hakiwaki bila kuvutwa, kwa hiyo nilivuta mara mbili tatu ndipo nikampelekea. Watu wazima walicheka sana. Bibi alipofariki kiko kikaenda naye, lakini hamu ilibaki kwangu, nikahamia kwenye sigara.

Nilizinunua mtaa wa Kimanga, moja moja, kwa sababu hapa Kilibula kila mwenye duka ananijua. Watoto walipolala mchana, nilijificha nyuma ya choo. Nikimaliza, nilitafuna majani ya mpera na kunawa mikono kwa sabuni ya kufulia. Kisha nilikwenda kwa jirani yangu, Mama Feza, ambaye kazi yake ni kubanika samaki. Tanuru lake la udongo lilikuwa mpakani mwa viwanja vyetu, samaki wa ziwani waitwao mikeke wamepangwa juu ya waya, moshi unapanda. Nilisimama upande ule moshi unakoelekea, nikajipepea na kitenge changu cha kubebea watoto mpaka kinuke samaki. Moshi mmoja ufiche mwingine. Mama Feza alidhani nimekuja kumsalimu. Alinipa habari za mtaa, na mara nyingi alinifungia kichwa cha samaki nikale jioni.

Msidhani nilikuwa na raha. Nilimshuku kila mtu. Mama akimbusu mwanawe kichwani wakati wa kumchukua, nilijiuliza: anabusu au ananusa? Mwingine akiomba maji ya kunywa, niliona amekuja kupeleleza nyumba yangu. Wakinong'ona wawili mlangoni, jasho lilinitoka. Wao nao walinishuku, ila hakuna aliyekuwa na uhakika.

Mtoto mdogo kuliko wote alikuwa Asifiwe, wa miezi minane. Mama yake ni yule mwalimu. Mvua zilipoanza, Asifiwe alishikwa na kikohozi. Siku moja nikamwona mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, pua zinatanuka, ziwa hataki. Alilazwa siku nne. Daktari alimuuliza mama yake mtoto anakaa na moshi wapi.

Mama Asifiwe alikuja kwangu na wenzake watatu pamoja na mkuu wa mtaa.

"Mama Sifa," aliniambia, "mutoto wangu alikuwa karibu kufa. Docta anasema ni moshi. Kwangu hakuna muntu anavuta tumbako. Hapa kwako kuko moshi gani?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nayo mkononi. Badala yake nilinyoosha kidole kwenye tanuru.

Mama Feza aliacha samaki wake akaja. "Minye nabanika hapa tangu mbele ya kuzaa Feza," alisema. "Batoto bangapi bamekomea hapa mpaka bakakuwa bakubwa? Mama Sifa, sema weye. Weye iko hapa na minye kila siku."

"Moshi iko mingi," nilijibu. Sikumtazama usoni.

Mkuu wa mtaa akaamua tanuru litolewe. Mama Feza alilivunja mwenyewe kwa jembe, matofali ya udongo yakibomoka moja baada ya jingine, nami nikiwa mlangoni na mtoto mgongoni. Tangu siku hiyo alibeba kuni na samaki hadi ufukweni, mbali, na mvua ikinyesha anapoteza mzigo mzima. Nilimwonea huruma, lakini nilijionea huruma zaidi, na sikuacha kuvuta.

Asifiwe alipona akarudi. Mama yake sasa alileta kitenge chake mwenyewe cha kumbebea mtoto. Baada ya siku chache wengine nao wakaleta vyao. Hawakusema kwa nini. Kila asubuhi nilipokea watoto sita na vitenge sita, na cha kwangu kikabaki kwenye kamba.

Wiki mbili zikapita. Mchana mmoja Mama Asifiwe alikuja mapema kuliko kawaida. Alimfungua mtoto kutoka mgongoni kwangu, akanusa nywele zake, akanusa kile kitenge alichokileta safi asubuhi.

"Tanuru imetoka," alisema. "Hii harufu inatoka wapi?"

"Ni makala ya mbabula," nilisema, nikimwonyesha jiko la mkaa.

Hakunitukana. Alimchukua mwanawe akaondoka, na kesho yake watoto wawili tu waliletwa.

Hapo ndipo kifua changu kiliposhikwa. Kikohozi nilikuwa nacho kwa miezi, nikikiita mafua. Sasa maumivu yaliingia upande wa kulia, chini ya ziwa, makali kiasi kwamba nilikohoa huku nimejishika mbavu. Homa ilinitetemesha mpaka meno yanagongana. Nilitema makohozi ya rangi ya kutu. Na mnajua nilifikiri nini? Sumu. Nilijiambia Mama Feza amejua uongo wangu na ameniwekea kitu, kwa sababu hata baada ya kuvunjiwa tanuru alikuwa bado ananiletea kichwa cha samaki. Nani anamletea samaki adui yake? Nilipokea nikishukuru, akigeuka nilimtupia mbwa.

Basi sikwenda hospitali. Nilikwenda kwa mtu wa miti shamba, akaninywesha dawa ya kutapisha. Nilitapika siku mbili mpaka nikawa natapika maji machungu tu. Watoto wote walikuwa wamekwisha kuondolewa. Siku ya tano nilianguka uani, kati ya mlango na jiko, na sikuweza kuinuka. Pumzi ilikuwa fupi, kucha zimekuwa za bluu.

Aliyenikuta ni Mama Feza. Alikuwa ameleta samaki.

Alimwita kijana wa pikipiki, akanipandisha katikati, yeye akakaa nyuma amenikumbatia. "Minye namushika," nilimsikia akisema. "Weye endesha polepole, mbele kuko mashimo." Nilikuwa namwogopa mwanamke yule, na kichwa changu kilikuwa begani kwake.

Hospitali walinipima makohozi wakitafuta kifua kikuu. Hakikuwapo. Nilimshukuru Mungu kwanza kwa ajili ya wale watoto sita. Picha ilionyesha nimonia iliyokamata pafu zima la kulia. Nikawekewa hewa puani na sindano asubuhi na jioni.

Daktari aliniuliza, "Unavuta tumbako?"

"Apana, docta."

Alichukua mkono wangu wa kuume, akaviangalia vidole viwili vilivyogeuka manjano. "Mama, minye si pasta, sitakuhukumu. Lakini ukinidanganya nitatibu muntu mwingine, na weye ndiye utakufa."

Mama Feza alikuwa kando ya kitanda na kikombe cha uji.

"Navuta," nilisema. "Tangu utoto. Hata na batoto."

Alikiweka kikombe chini. "Basi ile tanuru yangu..." alianza, akatoka. Nililia, na kulia kwenyewe kuliniuma mbavu. Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Nilijua kwamba nikifa, nimekufa bila mtu wa kunifumba macho.

Mchana alirudi. Uji aliupasha moto upya. "Kunywa," alisema kwa hasira. "Kunywa upone. Halafu utanijengea tanuru na mikono yako, minye nikiwa nimekaa."

Nilikaa hospitali siku kumi na moja. Kuacha sigara kulinisumbua kuliko sindano. Nilitetemeka, niligombana na wauguzi, nilitafuna kucha mpaka zikatoa damu. Hata leo nikipita Kimanga mbele ya duka lile, nabadilisha upande wa barabara.

Nilipopata nguvu nilikanyaga udongo, nikafyatua matofali, nikajenga. Mama Feza alikaa kweli kwenye kiti akinikosoa. Daktari alikuwa amesema moshi wa samaki nao si rafiki wa watoto wachanga, kwa hiyo tulilijenga mwisho wa kiwanja chake, mahali ambapo upepo hutoka kwetu kwenda ziwani. Kisha nikapita nyumba sita, moja baada ya nyingine, nikisema nilichofanya. Wawili walinifungia mlango, na wana haki. Mama Asifiwe alisema, "Nilijua. Nilikuwa nangoja weye useme." Ilichukua miezi mitatu ndipo akamrudisha mtoto, na kitenge chake mkononi.

Namshukuru Mungu aliyeniachia pafu, na Mama Feza aliyenipandisha pikipiki huku nikimwita mchawi moyoni. Wewe unayekohoa, nenda ukapimwe kabla hujatafuta wa kumlaumu. Unayelea watoto wa watu na unavuta, sema, hata kama utapoteza kazi. Na wewe mama unayemwachia mtu mwanao, muulize waziwazi. Nusa nguo, nusa mikono. Anayekasirika kwa kunuswa, mnuse mara ya pili.

Juma lililopita Mama Asifiwe alikuja na mtoto, mikono mitupu. Nilimuuliza kitenge kiko wapi. Akasema hakukileta. Nikatoa changu kwenye kamba nikampa. Alikinusa pembe zote nne, bila haraka, nami nimesimama. Kisha akamweka Asifiwe mgongoni kwangu, akamfunga yeye mwenyewe kwa kitenge changu, akaenda shuleni.