Jiko la Chini la Mzee Kosmatka

Darlene Pytel alikuwa amechoka na nyumba. Si nyumba yake mwenyewe. Hiyo hakukaa ndani yake vya kutosha hata kuichoka. Alichoshwa na nyumba za watu: kuzifungua, kuzifunga, kuvua viatu mlangoni na kuvaa tena, kuwasha taa kwenye vyumba vitupu na kusema kwa furaha ya kuazima kwamba jua la asubuhi huingia jikoni. Amelisema hilo la jua mara nyingi mno, mpaka jua lenyewe likichomoza analiona kama tangazo la biashara.

Upande wa kusini wa jiji la Milwaukee ni mitaa michache tu ambayo hakuwahi kuchomeka kibao cha kuuzia nyumba. Aliuza za waliooana, akaziuza tena walipoachana. Aliuza za wazee walioshindwa na ngazi, kisha za watoto wao. Tabasamu la kazi alilivaa ndani ya gari kabla ya kushuka, kama wengine wanavyovaa glavu, na siku hizi lilikuwa linambana.

Ndivyo alivyokuwa alipoitwa na Eugene Kosmatka mwanzoni mwa vuli. Mzee huyu alimjua Darlene tangu akiwa mtoto, na mke wake, Bernice, alikuwa rafiki wa mama yake Darlene hadi kifo kilipowachukua wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Alimpokea kwa mlango wa nyuma, akamteremsha moja kwa moja chini ya ardhi, kwenye chumba kikubwa kilicho chini ya nyumba nzima. Huko ndiko yeye na Bernice walikoishi. Kulikuwa na meza, redio, kalenda ya kanisa, na jiko la gesi lenye macho manne ya moto lililolika rangi kwa kusuguliwa. Juu kulikuwa na sebule nzuri na jiko jingine zuri, na huko walipita tu wakienda kulala.

"Kaa, binti Pytel. Kahawa ni ya jana, lakini haijafa."

"Mzee, kwa hiyo umeamua?"

"Magoti ndiyo yameamua. Mimi nimekubali tu." Alimmiminia. "Wamenipa chumba kwenye lile jengo la wazee karibu na kanisa. Wanaweza kuningoja mpaka Krismasi, basi. Ikipita hapo wanampa mwingine. Sasa sikiliza. Usiiuze kwa kampuni."

Darlene alijua anachosema. Kuna kampuni ya mbali iliyokuwa ikinunua nyumba za mtaa ule kwa simu, bila kuja kuziona, na kuzipangisha. Nusu ya mtaa ilishamezwa. Milango yote ilipakwa rangi moja ya kijivu, na bomba likipasuka mpangaji anaongea na mashine.

"Bernice alipika humu miaka yote tuliyooana," mzee akasema. "Iuze kwa watu. Watu wanaopika."

"Nitaiuza kwa watu."

"Sema kwa sauti. Huku chini sauti huwa inapotea."

Akasema kwa sauti. Madalali huahidi kama wengine wanavyopiga chafya, lakini mzee alimtazama kwa namna ambayo Darlene alihisi safari hii ameahidi kweli, na moyo wake ukalalamika kama mtu aliyeongezewa mzigo.

Halafu akafanya kosa. Alilifanya kwa nia njema na kwa uzoefu wa kazi, na hapo ndipo uchungu wake ulipo.

"Ila mzee, hili jiko la chini tulitoe."

"Tulitoe twende nalo wapi?"

"Tulitoe tu. Wanunuzi wa sasa ni vijana. Wakiona jiko ardhini wanaona uzee, wanaona umaskini wa zamani. Tukipaka kuta nyeupe, panakuwa ukumbi wa watoto."

"Jiko la juu Bernice hakuwahi kulichafua. Karatasi ya dukani bado imo ndani yake."

"Ndiyo vizuri. Tutasema ni jipya."

Mzee akaweka kikombe chini. "Mama yako alikuwa anapikia wapi?"

"Chini."

"Na wewe?"

"Mimi sipiki, mzee."

"Inaonekana," akasema, na hakukataa tena. Alikuwa wa kizazi kinachomwamini mtu aliyesomea kazi yake. Mpwa wake alilikokota jiko hadi uchochoro wa nyuma, na wale wa vyuma chakavu wanaopita na lori lao wakalibeba kabla hajarudi kufunga mlango. Bomba la gesi likazibwa kifuniko. Kuta zikawa nyeupe. Mzee Kosmatka akahamishia kiti chake jikoni kule juu, akawa anakaa humo kama mgeni aliyesahauliwa, mikono juu ya magoti, akiogopa kumwaga kitu.

Wanunuzi wakaja. Wakaja vijana waliopiga picha dari na kuuliza ukuta upi unaweza kubomolewa. Wakaja mume na mke waliogombana ngazini, wakaondoka kila mmoja na gari lake. Akaja mtu mmoja aliyesimama kwenye kile chumba cheupe chini, akasema, "Panafaa kwa nini hapa?" Darlene akajibu kwamba panafaa kwa chochote, akajisikia anasema panafaa kwa hewa. Theluji ya kwanza ikaanguka. Kila asubuhi ya kuonyesha nyumba ilimbidi akwangue barafu njiani mwenyewe, asije mtu akateleza na kumshtaki mzee wa watu.

Ile kampuni nayo ilipiga simu kila baada ya siku chache. Kijana wa upande wa pili alikuwa na adabu nyingi na sauti ya mtu ambaye hajawahi kushika sepetu ya theluji. "Ofa yetu bado ipo, mama. Hatuna haja ya kuiona." Darlene alisema bado anafikiria. Alivyoona Krismasi inasogea, alianza kufikiria kweli, na akajichukia.

Wiki mbili kabla ya Krismasi akaja Tou Lor, fundi wa mitambo kiwandani, na mke wake Mee Thao, muuguzi. Ni Wahmong, watu wenye asili ya milima ya Asia, lakini wamezaliwa hapohapo mjini, na waliongea kwa lafudhi ya Milwaukee zaidi ya Darlene mwenyewe. Walikuja na mama yake Tou, mwanamke mdogo wa mwili aliyevaa koti la mwanawe na kofia ya timu ya mpira, ambaye wote walimwita Bibi. Bibi hakutazama sebule. Hakutazama jiko jipya lenye karatasi yake. Aliuliza neno moja kwa Kihmong, akaonyeshwa mlango, akateremka.

Darlene alimfuata, akianza wimbo wake. "Kama mnavyoona, kuta ni safi, pana, panafaa kwa..."

Bibi alikuwa ameinama kwenye kona. Aligonga kile kifuniko cha bomba kwa kidole, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi. Akasema kitu.

"Anauliza jiko liko wapi," Tou akasema.

"Juu. Mmelipita."

"Si la juu. La hapa."

Darlene alifungua mdomo kusema kwamba hapajawahi kuwa na jiko. Ametoa uongo mdogo zaidi ya huo na mkubwa zaidi ya huo. Lakini alikuwa amechoka, na uongo nao unataka nguvu.

"Lilikuwepo," akasema. "Nimelitoa mimi. Nilidhani nyumba itauzika haraka."

Tou alitafsiri. Bibi akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta mweupe, akasema maneno marefu.

"Amesemaje?"

"Samahani, dada. Anasema mmeosha nyumba uso mkaitoa tumbo."

Mee ndiye aliyeeleza, kwa upole wa mtu aliyezoea kutoa habari mbaya. Ndugu zao ni wengi, na mwisho wa wiki wote huja kula. Masufuria ni makubwa, hayakai kwenye jiko dogo kama lile la juu. Pale walipopanga, jirani wa juu hugonga sakafu kila wakikaanga pilipili. Wanataka nyumba ya kupikia chini, mlango wa nyuma ufunguliwe, moshi utoke, juu watu walale. Wameona moja ng'ambo ya mto yenye jiko lake la chini. "Hii ndiyo tumeipenda. Mtaa huu ndiko nilikozaliwa. Lakini tukiinunua hatubaki na cha kununulia jiko kama lile. Labda kama usingelitoa."

"Labda," Darlene akasema.

Alipopanda juu, mzee Kosmatka alikuwa amekaa palepale kwenye kiti chake. Alisikia kila kitu, maana kumbe sauti za chini hazipotei hata kidogo.

"Watu wanaopika," akasema, bila kumtazama.

"Ndiyo, mzee."

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

Laiti angemfokea. Alisema tu, "Basi, binti Pytel, ipigie ile kampuni. Umejitahidi," na huko kusamehewa kukamuuma kuliko tusi.

Alirudi kwake mchana ule, kwenye nyumba aliyoachiwa na mama yake. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akateremka chini kutafuta mahali pa kulilia bila kuonekana, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona hata juu. Na pale pembeni, chini ya rundo la nguo za kufua, lilikuwepo jiko la mama yake. Macho manne, mapana, lenye alama ya duara la sufuria ya jamu ya plamu. Hakuliwasha tangu mazishi. Muda wote ule aliokuwa akizunguka kuwaambia watu watoe majiko yao, lake lilikuwa limebeba soksi.

Aliziondoa nguo moja moja, akazikunja, akakaa kwenye ngazi akilitazama. Alijua kwamba akilitoa, kile chumba hakitakuwa na kitu tena. Alijua pia kwamba hatalitumia kupikia kamwe. La kwanza lilimhuzunisha, la pili lilimtia hasira, na hasira ndiyo iliyonyanyua simu.

"Tou, una pikapu?"

"Binamu yangu anayo. Kwa nini?"

"Mwambie aje na kamba. Na Bibi mwambie anisubiri, asinunue nyumba ng'ambo ya mto."

Mkataba ulisainiwa siku chache kabla ya Krismasi. Siku hiyohiyo lile jiko liliteremshwa uchochoroni na Tou na binamu zake, wakilaumiana kila hatua juu ya nani ameshika upande mwepesi. Mzee Kosmatka alitoka na fimbo yake kusimamia, maana nyumba ilikuwa bado yake mpaka jioni.

"Hilo ni la nani?"

"La mama."

"La Wanda?" Akalizunguka. "Wanda alikuwa anaunguza mkate."

"Mama hakuunguza mkate maisha yake yote."

"Aliunguza, binti Pytel. Bernice alikuwa akisema kila Pasaka." Akaweka kiganja chake juu ya chuma baridi, akakiacha hapo muda. "Haya, liingizeni. Mnangoja nini, liote miguu?"

Kampuni ilipopiga tena, Darlene alisema imeuzwa. Kwa nani, kijana akauliza. Kwa watu. Kijana akamtakia sikukuu njema, akauliza kama kuna nyingine mtaani. Zilikuwepo. Mbili zilimezwa kabla ya mwaka kwisha, na Darlene hakuwa na majiko mengine ya kutoa.

Jumapili moja ya Januari, mchana, akaitwa kula kwa kina Tou. Alikaribia kutokwenda, alikuwa na nyumba ya kuonyesha na mafua. Alipoteremka zile ngazi akakuta kuta nyeupe zimeshaingia madoa ya mafuta, mvuke umetanda, wanawake wamelizunguka jiko la mama yake, na macho yote manne yanawaka. Mzee Kosmatka alikuwa kwenye kiti bora, analia machozi kwa pilipili, anakataa maji.

"Ni kali?" Darlene akamuuliza.

"Si kali. Nina majonzi," mzee akasema, akaongeza kijiko kingine.

Baada ya kula wakaanza kufungiana nyuzi nyeupe mikononi, kwa baraka za nyumba mpya. Bibi alipomfikia Darlene alimshika mkono, akamtazama usoni muda mrefu hadi lile tabasamu la kazi likajifia lenyewe. Akamwambia Tou kitu. Tou akajikuna kichwa.

"Sema tu," Darlene akasema. "Nimeshaambiwa nimetoa nyumba tumbo."

"Anasema wewe huumwi mafua. Kwetu sisi mtu ana roho kadhaa, na moja ikibaki nyuma anatembea lakini hayupo. Anasema yako imeachwa kwenye nyumba mojawapo. Umeingia nyingi mno." Bibi akaendelea, huku akifunga uzi kwa fundo dogo gumu. "Angekuja kukuitia mwenyewe, lakini theluji na miguu yake havipatani. Ukifika mlangoni kwako, usiingie haraka. Iite. Iambie kuna chakula."

Darlene alicheka kwa heshima. Mee akamfungia wali wa kunata na nyama, bakuli bado la moto, akamsindikiza hadi garini.

Alipofika kwake alipanda ngazi za nyuma, akatia ufunguo, akasukuma mlango. Joto la ndani likampiga usoni. Chini kule, kwenye kona, kulikuwa na mraba msafi sakafuni na bomba lililozibwa. Alilijua bila kuliona. Mkono mmoja ulishika bakuli. Jirani wa pili alikuwa akikwangua theluji, akampungia, na Darlene akangoja ageuke, maana aibu ilimjaa.

"Darlene," akaita. Ilitoka kwa sauti ya mama yake, sauti ya kumwita mtoto aliyecheza mpaka akasahau njaa. "Njoo nyumbani. Chakula kiko tayari."

Akaacha mlango wazi kabisa, joto likitoka nje bure, jambo ambalo Wanda Pytel asingelivumilia hata dakika moja, akasogea pembeni kidogo ili asizibe njia.