Mwali Hajibu Mara ya Kwanza

Shangazi ndiye aliyenifunda, na katika yote aliyonifunda kuna moja alilolirudia mpaka likanichosha: mwali akiulizwa kama amekubali kuolewa, hajibu. Anainamisha kichwa. Akiulizwa tena, ananyamaza. Mara ya tatu ndipo anaguna, na huko kuguna kunatosha. "Anayejibu upesi ana njaa ya mume," alisema, "na watu watalisema hilo kabla hata pilau halijaisha."

Hiyo ni adabu ya kwetu Mtendeni, Tabora, katika nyumba ambayo nusu ya sebule ni duka la vitambaa. Baba hupenda kusema mji wetu umejengwa na wapita njia waliosahau kuondoka: Waarabu, Wamanyema, Wanyamwezi waliochoka kubebea watu mizigo hadi pwani. Walitofautiana kwa mengi, lakini kuhusu mwali waliafikiana. Mimi nilikwenda Ujerumani kusomea uuguzi, nikafika mahali pa kuota ndoto kwa Kijerumani, na bado maneno ya shangazi yalikuwa yamenikaa mwilini.

Mume nilimpata huko huko. Ni fundi umeme, mtoto wa Waturuki, Mwislamu mwenzangu, na baba alimridhia. Nikahi tungeifungia Tabora wakati wa likizo. Lakini kwa sheria ya kule, ndoa ni ile ya ofisini, mbele ya msajili, na kibali changu cha kukaa kilikuwa kinakaribia kwisha. Tulingoja nafasi miezi mingi. Ikiharibika siku hiyo, tulionywa, tungerudi nyuma ya foleni, na mimi huenda ningeambiwa nifungashe virago.

Siku ilipofika, wakwe zangu walijaa viti vya mbele. Wifi, dada wa bwana harusi, aliinua simu ili watu wa kwetu waone. Kwenye kioo niliiona sebule yetu: baba katikati, amevaa kanzu yake nzuri, na shangazi aliyekuja kutoka Goweko asubuhi ile. Mama sikumwona, kwa kuwa ndiye aliyeshika simu ya upande ule.

Msajili alikuwa mama wa makamo. Alimuuliza bwana harusi kama anataka kunioa, naye akajibu ndiyo kama anayeagiza chai. Kisha akanigeukia. Jibu nilikuwa nalo, nilishalifanyia mazoezi bafuni. Lakini niliuona uso wa baba, na shingo ikainama yenyewe.

Akauliza tena, polepole. Nikazidi kuinama, na machozi yakaanza kunitoka, maana kwetu machozi ya mwali ni pambo. Nilikuwa nangoja mara ya tatu. Haikuja. Msajili alivua miwani, akasema kwa upole kwamba anasimamisha shughuli, akanishika mkono na kunipeleka chumba cha pembeni. Nyuma yangu mama mkwe alimuuliza mwanawe kitu kwa Kituruki, na sikuhitaji mkalimani kukielewa. Kwenye simu Tabora walipiga vigelegele. Walidhani mwali anapelekwa ndani kuulizwa, kama ilivyo desturi. Shangazi, niliambiwa baadaye, alisema kumbe Wazungu nao wana adabu zao.

Mule ndani nilipewa maji. Mlango ukafungwa.

"Kuna anayekulazimisha?" msajili aliuliza. "Huyu kijana? Wazazi wako? Sema tu, hapa hatusikiwi na mtu."

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona maishani. Aibu ya kudhaniwa nimeuzwa. Aibu ya mume wangu kuachwa kule ukumbini, akitazamwa na ndugu zake kama mtu aliyeteka binti wa watu. Na mimi, muuguzi ninayewauliza wanaume wazima habari za choo chao bila kupepesa, sasa nilipaswa kueleza kwamba neno moja limenishinda kwa sababu baba ananitazama. Nilieleza hivyo hivyo, huku napenga kamasi.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Naelewa," alisema, "lakini sheria yangu haisikii ukimya. Lazima useme, na wote wasikie. Kama ni zito, liseme kwanza kwa lugha yako."

Ningeweza kumwomba wifi azime simu. Nilifikiria hilo tukiwa mlangoni, nikaona kumfungia baba mlango ni aibu mbaya zaidi.

Msajili akauliza upya. Niliinua kichwa. "Ndiyo," nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Namtaka." Halafu nikasema kwa Kijerumani. Kule Tabora shangazi alijifunika uso kwa kanga, na baba akatazama chini.

Tulitia saini, tukapewa mikono. Nilichukua simu nikatoka nayo kwenye korido, mashavu yakiniwaka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nisamehe, baba. Huku wasiposikia, hawaamini."

"Tumesikia," alisema. "Wote tumesikia."

Nilingoja anikaripie. Alikuwa amevua kofia na anaikunja mapajani, na alipoendelea sauti ilikuwa ya chini, kama aliyesahau kwamba sebule imejaa watu.

"Mama yako aliulizwa mara tatu. Zote tatu alinyamaza, hata kuguna hakuguna. Shangazi yako ndiye aliyetoka ndani akatuambia amekubali. Mimi mpaka leo sijui."

Shangazi hakufunua uso. Mama naye alikuwa bado ameshika simu. Picha iliyumba kidogo, kisha ikatulia tena kwa baba. Alikuwa ameinua macho, na hakuwa akinitazama mimi. Alimtazama mama, akingoja.