Udi wa mama mkwe na laptop iliyogoma kuwaka

Jamani, leo nimevuliwa ufundi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Laptop ya mke wangu imegoma tangu asubuhi. Kioo cheusi, maandishi meupe, eti haioni diski.
Na mtihani wa darasa lake umo humo, unachapwa kesho!

Nikajitia fundi. Nikafungua skrubu, nikapuliza vumbi, nikatikisa kichwa kama daktari.
"Diski imekufa."

Mama mkwe, mgeni wetu kutoka Mkange, akaguna.
"Hilo jicho la watu, mwanangu."
Akaleta chetezo cha makaa, akaifunika laptop kwa khanga, akaifukiza udi.

Nikapenyeza mkono niiokoe isiungue. Nikagusa flashi.
Flashi YANGU. Jana nilinakili taarabu, nikaisahau imechomekwa. Kumbe laptop ilikuwa inajaribu kuwakia kwenye flashi badala ya diski yake!

Nikaichomoa kimyakimya, nikabonyeza. Ikawaka.

Mama mkwe vigelegele. Mke wangu machozi.
Mimi? "Mashaallah, mama, udi wako kiboko."

Hebu semeni, nyie mngekiri?

Maana jirani keshaleta redio na pasi mbovu.
Mama mkwe ndiye fundi.
Mimi napuliza makaa.